Kutoka Sheria za Utunzi hadi Orodha ya Mtihani: Historia ya Istilahi za Fani ya Hadithi na Ushahidi wa Waandishi wa Ukanda wa Ziwa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya istilahi zinazotumika kufundishia na kuhakikia hadithi za Kiswahili nchini Tanzania. Hoja kuu ni kwamba orodha ya vipengele vya fani iliyozoeleka madarasani ina umri mfupi na chimbuko linaloweza kufuatiliwa: iliundwa kwa sehemu kubwa kati ya mwaka 1954 na miaka ya 1980, kwa kuunganisha mapokeo yaliyokuwa na malengo tofauti. Ushahidi unatolewa kutoka katika kazi za Aniceti Kitereza, Julius Nyerere na Euphrase Kezilahabi, waandishi watatu wa ukanda wa Ziwa Viktoria. Makala yanahitimisha kwamba istilahi hizi zina manufaa pale tu zinapotumika kama maswali ya kuiulizia kazi, na kwamba zikigeuzwa kuwa kipimo kisicho na historia huwanyima haki waandishi ambao hawakuandika kwa kuzifuata.

1.0 Utangulizi

Kigera ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Musoma, mkoani Mara. Katika maeneo ya Musoma, Butiama na Bunda husikika Kikwaya, Kijita, Kizanaki, Kiikizu, Kikuria na Kijaluo, pamoja na Kiswahili ambacho ni lugha ya shule ya msingi, ya soko na ya ofisi. Mwanafunzi wa sekondari katika kata hiyo, sawa na mwenzake wa Tanga au Songea, hutakiwa kusoma riwaya, tamthilia na diwani zilizoteuliwa, kisha kuzichambua chini ya vichwa viwili: fani na maudhui. Chini ya fani huwekwa muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Chini ya maudhui huwekwa dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Orodha hii hurudiwa kwa mpangilio unaofanana kutoka shule hadi shule, kiasi kwamba ni rahisi kuidhania kuwa ilizaliwa pamoja na hadithi yenyewe.

Makala haya yanauliza maswali mawili. Kwanza, orodha hii ilitoka wapi? Pili, hutokea nini inapotumika kuhukumu kazi za waandishi waliotoka katika mazingira hayo hayo ya Ziwa anamosoma mwanafunzi wa Kigera? Uteuzi wa eneo una sababu. Butiama, alikozaliwa Nyerere mwaka 1922, ni jirani ya Musoma, na shule yake ya kwanza, aliyoianza mwaka 1934, ilikuwa Mwisenge, ambayo leo imo katika manispaa ileile yenye kata ya Kigera. Ukerewe, walikotoka Kitereza na Kezilahabi, ni kisiwa cha Mkoa wa Mwanza, lakini kivuko cha Rugezi na Kisorya kinakiunganisha na Bunda. Waandishi wote watatu walikuwa na lugha nyingine ya nyumbani kabla ya Kiswahili: Kizanaki kwa Nyerere, Kikerewe kwa wengine wawili. Kwa hiyo kazi zao zinafaa kuonesha mipaka ya istilahi ambazo hazikuundwa kwa kuzingatia masimulizi ya kwao.

2.0 Chimbuko la istilahi

Istilahi za fani ya hadithi zimetoka katika hazina tatu. Hazina ya kwanza ni elimu ya balagha ya Kiarabu, iliyofika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na elimu ya dini. Humo zimo tashbiha, sitiari, takriri, mubalagha, tashihisi na kinaya. Maneno haya yalipohamia Kiswahili hayakubaki yalivyokuwa. Mfano ulio wazi ni kinaya. Katika balagha ya Kiarabu, neno hilo linahusu kulitaja jambo kwa kulizungukia, hasa kwa kutaja kitu kinachoambatana nalo. Katika uhakiki wa Kiswahili, kinaya limekuja kumaanisha hali ambapo kinachosemwa au kinachotokea ni kinyume cha kinachokusudiwa au kutarajiwa. Neno ni lilelile. Dhana imebadilika ili kujaza nafasi iliyoachwa wazi na mtaala uliotokana na uhakiki wa Kiingereza.

Jozi ya fani na maudhui nayo ina historia ya namna hiyo. Fani kwa asili ni sanaa au tawi la elimu, na Kiswahili cha kawaida bado kinahifadhi maana hiyo panapozungumzwa fani ya udaktari au ya uhasibu. Maudhui kwa asili ni mada, yaani jambo linalowekwa mbele ili lizungumzwe. Maneno haya hayakuzaliwa yakiwa mapacha. Uhakiki ndio uliyaoanisha. Dhamira lina athari kubwa zaidi. Katika lugha ya kila siku, dhamira ni nia iliyo moyoni. Neno hilo lilipofanywa kuwa istilahi ya wazo kuu la kazi, lilibeba maana yake ya awali hadi darasani, na mwanafunzi akaelekea kuamini kwamba kutafuta dhamira ni kubahatisha nia ya mwandishi. Uzito ambao msimamo na ujumbe wa mwandishi umepewa katika mafunzo ya fasihi unaelezeka kwa sehemu na historia hii ya neno moja.

Hazina ya pili ni kanuni za ushairi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Kitabu hicho kilikusanya na kuratibu taratibu za vina, mizani, beti na vituo, na kikawa marejeo ya kizazi kizima. Ni muhimu kukumbuka kwamba Amri Abedi alikuwa mwenyeji wa Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo historia hii haiwezi kurahisishwa kuwa ugomvi wa pwani iliyotunga sheria na bara iliyozikaidi; mwandishi wa sheria zenyewe alitoka bara. Kitabu hicho kilirithisha kwa uhakiki wa baadaye mazoea ya kuitazama fani kama jambo linaloweza kuorodheshwa na kukaguliwa: kipo au hakipo, kimetimia au kimepungua. Mazoea hayo yalifaa katika kuhesabu mizani. Yalipohamishiwa hadithi ya nathari, hayakuwa na cha kuhesabu.

Hazina ya tatu ni maneno ya kazi na maisha ya kila siku yaliyopewa jukumu jipya. Muundo linatokana na kuunda, kitenzi kinachotumika pia kwa ujenzi wa vyombo vya majini. Msuko linatokana na kusuka, kama zinavyosukwa nywele au ukili. Mhusika ni yule anayehusika na jambo. Maneno haya yanaeleweka hata kwa asiyesoma uhakiki, na ndiyo maana yamedumu. Hata hivyo, dhana nyingi yanazobeba ziliingia kupitia masomo ya fasihi ya Kiingereza. Mgawanyo wa wahusika bapa na wahusika duara, kwa mfano, unatokana na mihadhara aliyoitoa E. M. Forster huko Cambridge mwaka 1927, akizungumzia riwaya za Ulaya. Mwanafunzi anayeutumia mgawanyo huo kwa riwaya ya Kiswahili hutumia chombo kilichochongwa kwa mti mwingine. Chombo hicho kinaweza kukata, lakini anayekishika anapaswa kujua kilikotoka.

3.0 Chuo Kikuu na kuundwa kwa jozi ya fani na maudhui

Hazina hizi tatu zilikutanishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, na katika mwaka huohuo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikawa sehemu ya Chuo hicho. Ufundishaji wa fasihi kwa Kiswahili katika ngazi ya shahada ulihitaji msamiati wa uhakiki ambao haukuwapo ukiwa tayari. *Hisi Zetu* ya T. S. Y. Sengo na S. D. Kiango ni miongoni mwa majaribio ya mwanzo ya miaka hiyo. Ikafuatiwa mwaka 1976 na *Fasihi na Sanaa za Maonyesho* ya Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, na mwaka 1982 na *Fasihi* ya F. E. M. K. Senkoro.

Kazi hiyo ilifanyika katika kipindi maalumu cha kisiasa. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967, na mjadala wa Chuo Kikuu ulitawaliwa na maswali ya matabaka, ukombozi na ujenzi wa ujamaa. Uhakiki ulitarajiwa kueleza kazi ya fasihi inamtumikia nani. Katika mazingira hayo maudhui yalipewa uzito wa kwanza, na fani ikaelezwa kama njia ya kuyafikisha. Wapo waliouelewa uhusiano wa viwili hivyo kama wa chombo na kilichomo ndani yake, mfano wa kikombe na chai. Senkoro aliupinga mtazamo huo kwa hoja kwamba fani na maudhui vinategemeana na kuathiriana kama pande mbili za sarafu moja.

Hoja ya sarafu ilikuwa hatua muhimu, na ndiyo iliyokubalika. Hata hivyo, iliacha jambo moja bila kutatuliwa. Sarafu ina pande mbili zinazoonekana tofauti, na anayeishika huutazama upande mmoja baada ya mwingine. Hivyo ndivyo uchambuzi ulivyoendelea kuandikwa: sura moja ya maudhui, sura moja ya fani, na mara chache sura inayoonesha jinsi uamuzi mmoja wa kisanaa unavyokuwa ndiyo maana yenyewe. Kazi za waandishi wa Ziwa zinaonesha gharama ya mazoea hayo.

4.0 Ushahidi wa waandishi watatu

4.1 Aniceti Kitereza na tatizo la msuko

Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alikamilisha mwaka 1945 mswada mrefu wa Kikerewe kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Mswada huo haukupata mchapishaji katika lugha hiyo. Baadaye mwandishi mwenyewe aliutafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikautoa kwa majuzuu mawili mwaka 1980. Kitereza alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia. Mwaka 2002 ilitoka tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi mwingine wa Ukerewe, iliyofanywa kutoka Kikerewe.

Kwa kuwa iliandikwa mwaka 1945, kazi hii imeitangulia orodha yote iliyoelezwa hapo juu. Mgogoro wake wa mwanzo uko wazi: Myombekere na Bugonoka hawana mtoto, ndoa yao inaingiliwa na jamaa, mke anachukuliwa na wazazi wake, na mume analazimika kumfuata na kutimiza masharti ya ukweni ili arudishiwe. Baada ya tiba ya mganga, watoto wanapatikana. Kwa kipimo cha msuko unaopanda hadi kilele na kushuka hadi suluhisho, hadithi ingepaswa kuishia hapo. Lakini inaendelea. Juzuu la pili linawafuata Ntulanalwo na Bulihwali, na njiani kote kuna maelezo marefu ya kilimo, uvuvi, utengenezaji wa pombe ya ndizi, maamkizi, tiba na adabu za ukweni.

Wasomaji kadhaa wameiona kazi hii kuwa hazina ya mila kuliko riwaya, na kwa kufuata orodha hukumu hiyo inaeleweka: msuko umelegea, maelezo yamezidi. Ikisomwa kwa mantiki yake, picha ni nyingine. Tatizo lililoanzisha hadithi ni hofu ya ukoo kukatika. Hofu hiyo haiishi siku mtoto anapozaliwa, kwa kuwa mtoto anaweza kufa, na akiishi anaweza kushindwa kuwa mtu kamili wa jamii yake. Inaisha pale mtoto anapokua, anapojifunza kazi na maneno ya watu wake, na yeye mwenyewe anapoingia katika maisha ya utu uzima. Maelezo ya kulima na kuamkiana ndiyo yale ambayo ukoo unarithisha, hivyo ni sehemu ya tukio lenyewe. Muundo wa majuzuu mawili unasema kwamba uzazi ni malezi. Mhakiki anayeandika kwanza dhamira ya utasa na kisha udhaifu wa msuko amevunja jambo moja vipande viwili, na vyote viwili vimepoteza maana.

4.2 Julius Nyerere na uamuzi wa neno

Nyerere alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya kwanza ilitoka mwaka 1963 kwa jina la *Julius Caezar*, ikapitiwa upya na kutolewa mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Ya pili, *Mabepari wa Venisi*, ilitoka pia mwaka 1969. Mashairi ya Shakespeare katika tamthilia hizo kwa sehemu kubwa hayana vina, na Nyerere hakuyafunga kwa vina. Jambo hilo lilitokea kabla ya mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970, wakati kutokuwa na vina kulipochukuliwa na wanamapokeo kuwa ni kutokuwa na ushairi. Nyerere huyohuyo baadaye alitunga tenzi za Injili na Matendo ya Mitume, zilizochapishwa mwaka 1996, akifuata kanuni za utenzi. Kwa mtu wa Butiama, vina vilikuwa chaguo linalotegemea kazi iliyopo mkononi. Maamkizi ya mfalme wa jukwaani na masimulizi ya Injili hayakudai umbo moja.

Jina la tafsiri ya pili linaonesha zaidi. Kichwa cha Shakespeare kinamtaja mfanyabiashara mmoja wa Venisi. Nyerere aliandika wingi, mabepari, na akachagua neno lenye asili ya Kihindi ambalo zamani lilimaanisha mfanyabiashara, lakini ambalo kufikia mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilikuwa limeshakuwa jina la tabaka. Kwa silabi moja ya wingi na neno lenye maana mbili, mtu mmoja alikuwa kundi, na visa vya mkopo na mdhamana vikasomeka kama habari ya mfumo. Katika uchambuzi wa kimazoea, uteuzi wa msamiati huwekwa chini ya matumizi ya lugha, mwishoni mwa sehemu ya fani, baada ya methali na misemo. Hapa, uteuzi huo ndio uliobeba tafsiri yote.

4.3 Euphrase Kezilahabi na kupanuka kwa istilahi

Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alikuwa mwandishi na pia mwanachuo wa nadharia. *Rosa Mistika* (1971) ilizuiwa kutumika shuleni kwa muda. Kizuizi hicho kinafaa kusomwa kama tukio la historia ya uhakiki. Riwaya ilihukumiwa kwa mambo yaliyotajwa ndani yake, ilhali uzito wake uko katika namna yanavyotajwa: msimulizi anamfuata Rosa kutoka nyumbani hadi shuleni na chuoni bila kumkinga msomaji kwa mawaidha katika kila hatua, na anamwachia msomaji kazi ya kupima sehemu ya Zakaria, baba yake, katika maangamizi ya binti. Aliyezoea kutafuta ujumbe katika kauli ya msimulizi hakuuona, akadhani haupo.

Diwani ya *Kichomi* (1974) iliingiza mashairi huru katika mgogoro uliokwishaanza. Wanamapokeo walishikilia kwamba vina na mizani ni uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, waliochapisha *Malenga wa Bara* mwaka 1976, waliutetea ushairi usiofungwa na masharti hayo kwa hoja za kinadharia. Matokeo ya mgogoro huo yanaonekana katika istilahi: fasili ya ushairi ilibidi iandikwe upya, na taswira, mpangilio wa mistari na mdundo vikapata nafasi iliyokuwa ya vina.

*Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) zilifanya jambo hilohilo kwa nathari. Humo mahali hapatambuliki katika ramani, wakati haufuati mstari, na mhusika hatambuliki kwa kabila, kazi wala familia. Mhakiki mwenye orodha ya kawaida angeweza tu kuandika kwamba mandhari haijulikani na msuko haupo. Wahakiki hawakuridhika na jibu hilo. Walitafuta na kubuni maneno: mwingilianomatini, uhalisiamazingaombwe, riwaya ya kimajaribio. Kamusi za istilahi za fasihi zilizofuata, hususani ile ya K. W. Wamitila ya mwaka 2003, zina msamiati mpana kuliko ule wa miaka ya 1970, na sehemu ya upana huo imedaiwa na kazi za aina hii. Mfuatano wa kihistoria ni huu: kazi ilitangulia, istilahi ikafuata.

5.0 Orodha katika mtihani

Ikiwa uhakiki wa vyuoni umekuwa ukipanuka, kwa nini darasa la sekondari limebaki na orodha fupi? Jibu linahusiana na taasisi za elimu. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaanzishwa kwa sheria mwaka 1973. Msamiati wa fani na maudhui ulikuwa ndipo unapevuka, ukachukuliwa kama ulivyo. Kuanzia mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulisababisha kujengwa kwa shule nyingi za kata, na somo la fasihi likawafikia vijana wengi kuliko wakati wowote uliotangulia. Vitabu havikuongezeka kwa kasi ya wanafunzi. Pengo hilo lilizibwa na vitini na miongozo inayomweleza mwanafunzi dhamira na vipengele vya fani vya kitabu ambacho pengine hajawahi kukishika.

Orodha ina utetezi wake, na utetezi huo si mdogo. Mtihani wa taifa unahitaji kipimo kinachomtendea mtahiniwa wa Kigera sawasawa na wa Dar es Salaam, na msahihishaji asiyemjua mwanafunzi anahitaji vigezo vinavyoonekana. Bila istilahi za pamoja, alama zingetegemea ladha ya anayesahihisha. Lakini usawa wa kusahihisha haupaswi kuchanganywa na usawa wa kusoma. Mtahiniwa anayeandika kwamba mwandishi ametumia tashbiha, akanukuu sentensi moja na kuendelea, hupata alama kwa kutambua. Hajaulizwa tashbiha hiyo inafanya nini mahali ilipo, wala kitu gani kingepotea kama ingeondolewa. Kijana aliyekulia kati ya wasimulizi wa Kijita au wa Kikwaya huenda anajua kwa sikio kwa nini msimulizi hurudia tukio mara tatu au hukawia kwenye maamkizi. Orodha haina kisanduku cha ujuzi huo, naye hujifunza kuuacha nje ya chumba cha mtihani.

6.0 Hitimisho

Istilahi za fani ya hadithi katika Kiswahili zilijengwa na watu wanaojulikana, katika miaka inayojulikana, kwa mahitaji yanayoelezeka. Balagha ilitoa majina ya tamathali, sheria za ushairi zikatoa mazoea ya kukagua, uhakiki wa Ulaya ukatoa dhana za msuko na wahusika, na siasa ya baada ya 1967 ikapanga nini kitangulie. Kitereza aliandika kabla ya mjengo huo, Nyerere alitumia kanuni zake au kuziacha kulingana na kazi, na Kezilahabi aliulazimisha upanuliwe.

Kinachopendekezwa hapa si kuzifuta istilahi hizo. Ni kuzifundisha pamoja na historia yake, na kukigeuza kila kipengele kiwe swali. Badala ya kutakiwa kutaja muundo, mwanafunzi aulizwe kwa nini hadithi inaanza na kuisha pale inapoanza na kuisha. Badala ya kuorodhesha wahusika, aulizwe nani anaruhusiwa kusema na nani husemewa. Kwa maswali hayo, juzuu la pili la Kitereza halitaitwa tena ziada. Litasomwa kama jibu la swali lililoulizwa na juzuu la kwanza, na mwanafunzi wa Kigera atakuwa na sababu ya kuleta darasani kile anachokijua tayari kuhusu namna hadithi inavyosimuliwa.